Kunguni wa Mama Tunu kwenye jukwaa la wenye gesti Kilosa na Mikumi

Wakuu, nimeingia. Wenye umri wa kunipa shikamoo, nimeshaipokea, marahaba, kaeni. Wenye umri wangu tusalimiane kwa kukohoa.

Hiki ninachosimulia kimenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Chumvi siongezi, kwa umri huu daktari ameshanikataza.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mimi ni bibi wa Mikumi, nina gesti ya vyumba sita kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala kabla ya kupanda Iringa. Shule sikwenda. Ngumbaru, ile ya watu wazima, nilikaa wiki mbili, mwalimu akaniambia niache kumwigiza sauti mbele ya wenzangu. Nikachukua daftari langu nikaondoka, na yeye akabaki na sauti yake.

Kwa hiyo haya naongea kwa mdomo. Anayepiga chapa ni Rehema, mwenye steshenari, mama wa watoto watatu na miwani yake. Palipokaa vibaya ni yeye. Palipokaa vizuri ni mimi.

Kuigiza watu sikujifunza. Baba yangu alikuja Kilosa kukata mkonge, nikazaliwa kambini. Kambi ile ilikuwa na kila kabila, na kila mtu ana Kiswahili chake. Ukitumwa chumvi kwa jirani, lazima uombe kwa sauti yake, la sivyo anajifanya hajasikia. Basi nikawa hivyo. Nikimsikiliza mtu mara mbili, ya tatu namrudishia mwenyewe mzima mzima.

Kumbukeni hilo, ila msiniogope.

Sasa twende.

Zamani zile za foleni, sabuni ilikuwa kama harusi, unaalikwa. Sisi tulifua kwa majani ya mpapai. Halafu ikaja ruksa. Mtu yeyote afungue anachotaka. Malori yakajaa barabarani, madereva wanatafuta pa kuweka ubavu. Mimi na mwenzangu Mama Tunu tulikuwa tunauza chai na chapati pale pale kwenye vumbi. Tukaona kumbe mtu akishashiba anataka kulala. Mimi nikajenga Mikumi. Yeye akaolewa Kilosa, mume akafariki, akabaki na nyumba karibu na stesheni, akaigeuza gesti. Vyumba vinne.

Mama Tunu si mtu wa maneno. Yeye akikuudhi unajua kwa namna anavyokung'uta godoro.

Gesti zikawa nyingi, zikaundiwa chama. Chama cha wenye nyumba za wageni, wilaya nzima. Kadi, mhuri, mwenyekiti, katibu. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mmoja wa Kilosa mjini, Mzee Mahimbo, aliyewahi kuwa karani, na ukarani wenyewe haukutoka mwilini. Kilosa ile yenye joto la kuivisha maandazi, yeye amevaa koti. Naye ana gesti, mtaa mmoja na Mama Tunu, milango mitano katikati.

Miaka ikaenda. Simu za mkononi zikaingia, zile za kubipu. Intaneti ikafika Mikumi kwa Rehema, kompyuta tatu, moja mbovu. Ndipo tukaitwa semina.

Akaja mama mmoja kutoka Morogoro, Madam Ritha, mtaalamu wa mambo ya wageni. Rehema ananiambia nisimwigize, mimi nawaambia tu aliongea kama mtu anayeogopa meno yake yataanguka. "Dear members, lazima tuwe proactive. Tunawaletea jukwaa. Tunawaletea blog. Mta-share experience." Na mkono unacheza hewani kama anafukuza nzi kwa heshima.

Maana yake ilikuwa hivi. Chama kimefunguliwa ukumbi kwenye intaneti. Kila mwanachama ana jina na neno la siri, anaingia, anauliza, anajibiwa. Kila mwanachama pia ana ukurasa wake wa blogu, anaandika habari za kazi yake. Usipoandika, wewe si mwanachama hai.

Mwanachama hai. Mimi na miguu yangu inanipeleka chooni bila kushikwa, naambiwa si hai mpaka niandike blogu.

Haya. Nikaenda kwa Rehema, tukaandika.

Wakuu, mngeona walichokuwa wanaandika wenzangu. Kila Jumamosi Rehema ananisomea, mimi nacheka mpaka wanaokuja kutoa kopi wanageuka.

Kuna bwana mmoja wa Berega, mwenye vyumba vya ndugu wa wagonjwa. Huyo kila akiandika anaanza kwa Bwana asifiwe na anamaliza kwa Bwana asifiwe, katikati hamna kitu. Mkate wenye gamba juu na gamba chini.

Kuna mwingine aliandika kuhusu ukarimu, kurasa nne. Mgeni ni mfalme, mgeni ni baraka, tabasamu ni mtaji. Mimi nimelala kwake. Niliomba ndoo ya maji ya kuoga, akaniuliza kwani nilikuja na vumbi la wapi.

Mwenyekiti ndiye aliyeandika kuliko wote. "Kwa kuzingatia umuhimu wa suala hili." "Ni rai yangu kwa wanachama." Unasoma, unasoma, ukifika chini unagundua alikuwa anasema tufagie uani.

Nisiwe mwongo, kulikuwa na faida moja. Madereva wangu wanalala na mikono ya grisi, shuka zinatoka kama ramani. Nikauliza jukwaani. Wenye ukarimu kurasa nne wakanyamaza. Akanijibu mama mmoja tu wa Kidete, Mama Neema, mwenye vyumba viwili vya abiria wa treni. Akaniambia paka mafuta ya kula kwanza penye grisi, sugua, ndipo uoshe kwa sabuni na maji ya moto. Nilifikiri ananitania. Nikajaribu, ikatoka. Mstari mmoja wa mama wa Kidete umenisaidia kuliko blogu zote za wilaya.

Basi ingeishia hapo, ningekuwa nimelala sasa hivi.

Madam Ritha akaongeza chumba kingine kwenye jukwaa, akakiita Sauti ya Wageni. Humo mgeni yeyote aliyelala kwetu anaandika alivyohudumiwa. Si lazima awe mwanachama. Si lazima aseme jina lake.

Mimi nikamuuliza semina ya pili, sasa mtu asiye na jina tutamjibu vipi. Akanijibu, "Mama, hiyo ndiyo transparency." Nikakaa.

Wakati huo kulikuwa na habari kwamba wapimaji wa reli wanakuja Kilosa. Watu wengi, miezi kadhaa. Na wao walishaomba chama kiwape orodha ya gesti zinazofaa. Mama Tunu yuko hatua chache na stesheni, kila mtu alijua watalala kwake. Hata yeye alishashona mapazia mapya.

Siku moja naingia kwa Rehema, namkuta amekunja uso. Akasema kaa kwanza. Akanisomea.

Aliyeandika alijiita Msafiri Kijana. Nayashika maneno yake mpaka leo, kwa sababu mimi kisichoandikwa ndicho ninachokumbuka, na kilichoandikwa nikisomewa nacho nakiweka hukohuko:

"Kwa masikitiko makubwa naandika. Mimi ni kijana, mwanafunzi wa chuo. Nikiwa safarini nililala katika nyumba ya wageni ya Mama Tunu, Kilosa. Hali niliyoikuta si ya kuridhisha hata kidogo. Nililiwa na kunguni hadi kulipokucha. Nasema haya bila chuki wala hila, bali kwa maslahi ya chama."

Kunguni, wakuu. Kwa mwenye gesti neno hilo ni kama kumwambia mpishi ana ukoma. Halipimwi, halichunguzwi, likishatamkwa limeshaingia kitandani.

Chini yake wanachama kumi na wanne. Kumi na wanne. Pole sana mgeni wetu. Tunaomba radhi kwa niaba ya chama. Hili ni doa. Hatua zichukuliwe. Bwana asifiwe. Yule wa ukarimu akasema ameumia sana moyoni. Hakuna hata mmoja aliyesema tumuulize Mama Tunu.

Mama Tunu mwenyewe hakuwa anaingia jukwaani. Kusoma anajua vizuri, ila kompyuta ya karibu yake ilikuwa inaharibika kila wiki. Yeye habari alizipata siku bwana afya alipogonga mlango, amepelekewa karatasi imechapwa.

Na katibu akatoa tangazo. Kikao cha mwisho wa mwezi, ajenda ya kwanza, kumfuta Mama Tunu kwenye orodha na kumnyang'anya kadi.

Nikapanda basi la Kilosa, lile linalopita kijiji cha Ulaya, linalokufundisha meno yako ni mangapi.

Nilimkuta uani. Amechemsha maji kwenye pipa, anamwagia chaga za vitanda. Chaga zimeshakuwa nyeupe kwa kumwagiwa. Miguu ya vitanda ameisimamisha kwenye makopo ya mafuta ya taa. Pembeni kuna lundo la majivu na waya. Nikamuuliza hayo ni nini. Akasema magodoro matatu, ameyachoma.

Nikamuuliza uliwaona kunguni. Akasema hapana.

Nikamuuliza bwana afya aliwaona. Akasema hapana, alipindua kila kitu, akaondoka hata chai hakunywa, ila akasema malalamiko yakishaandikwa, yameandikwa.

Sasa unachoma nini, Mama Tunu?

Akachota maji mengine.

Hapo ndipo ucheshi wangu ulipokatika. Huyu mwanamke tumeuza naye chai kwenye vumbi. Hajawahi kumlaza mtu kwenye shuka ambayo yeye mwenyewe asingelalia. Na alikuwa anaunguza mali yake kwa ajili ya wadudu walioko kwenye kompyuta.

Nililala kwake siku tatu, kila siku chumba kingine. Mimi damu yangu kunguni wanaipenda, hata kwa mkwe wangu wananitambua. Sikuumwa hata na mbu.

Nikarudi Mikumi. Nikamwambia Rehema nisomee tena yale maneno, polepole. Akasoma. Nikamwambia tena.

Mara ya tatu nikayasema mimi. Nikayajaribu kwa sauti ya kijana wa chuo, wale wanaopita na mabegi, kila neno wanalitupa kama ganda la ndizi. Hayakukaa. Kijana gani wa chuo anaamka na mwili umevimba anasema hali si ya kuridhisha hata kidogo? Kijana angesema nimeliwa balaa, gesti gani ile. Tena kwa maslahi ya chama? Anakijua wapi chama?

Nikayajaribu kwa sauti ya yule wa ukarimu, hayakukaa. Kwa sauti ya bwana wa Berega, yanakosa magamba.

Kisha nikavuta shingo ndani kama mtu aliyevaa koti kwenye joto, nikatanguliza kikohozi kimoja kikavu, nikayasema. Yakakaa. Yalikaa kama kofia ya mwenyewe.

Rehema akavua miwani. Akasema, bibi, nyamaza, huyo ni mtu mzima, utamsingizia.

Ni kweli. Sauti haishikiki. Huwezi kwenda kikaoni ukasema nimemsikia kwenye karatasi. Wangesema bibi amezeeka, mpeni kiti.

Tukakaa tukafikiri. Nikamwambia Rehema, wewe si una jina kwenye jukwaa? Akasema analo, tangu alipokuwa anatufungulia za kwetu. Nikamwambia muulize huyo Msafiri Kijana swali. Mwambie wewe ni nani, ila usimsalimie.

Rehema akashangaa, kwake yeye ni kama nimemwambia aingie msikitini na viatu. Lakini akaandika. Mimi naitwa Rehema, mama wa watoto watatu, naishi Mikumi. Nataka kujua ulilala kwa Mama Tunu chumba namba ngapi.

Siku mbili kimya. Ya tatu likaja jibu.

"Ni jambo la kusikitisha. Siku hizi mnaingia penye watu bila hodi wala salamu. Mlifunzwa wapi?"

Wakuu, nilipiga meza mpaka kompyuta ile mbovu ikawaka. Mwanafunzi wa chuo anamfokea mama wa watoto watatu kwamba hajamsalimia. Nikamwambia Rehema, sasa mpe anachotaka.

Rehema akaandika: Shikamoo, nisamehe, nilipitiwa.

Safari hii hakusubiri siku mbili. Tulikuwa bado tunakunywa chai jibu likaingia.

"Marahaba, marahaba. Na huko nyuma wote wazima? Haya mwanangu, nilikuwa chumba namba tatu."

Mwanangu.

Sasa mnaotoka mbali niwaeleze. Kwetu huku shikamoo haiachwi chini. Ukipewa na wewe ni mkubwa, utaitikia hata kama umejificha uvunguni. Na ukipewa na wewe ni mdogo wa huyo aliyekupa, unaruka kama umekanyaga kaa, unasema hapana mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Kijana wa kweli asingeweza kuipokea. Mzee hakuweza kuiacha. Koti alilivua, jina alilivua, umri ukakataa kuvulika.

Na hiyo ya huko nyuma wote wazima, ilikuwa ya mtu mmoja wilaya nzima. Mwenyekiti alikuwa anachelewa vikao makusudi, aingie tumeshakaa, tumwamkie kwa pamoja kama darasa la kwanza. Yeye anaitikia hivyo hivyo, marahaba mbili, na huko nyuma, halafu sisi wote tunajibu wazima mwenyekiti. Miaka yote hiyo. Ilikuwa kama kengele.

Rehema akachapa karatasi zote. Tukafunga steshenari, tukapanda basi wawili.

Kikao kilijaa. Mama Tunu amekaa nyuma na kitenge chake cha msiba, hakuna aliyemkalia karibu, watu wanaacha kiti katikati kama kunguni wanaruka. Mwenyekiti akaingia na koti. Tukamwamkia, akaitikia. Akafungua ajenda kwa masikitiko makubwa.

Nikanyoosha mkono. Akasema bibi, subiri tuchangie kwa utaratibu. Nikasema mimi nachangia kwa kusoma alichoandika mgeni. Watu wakacheka, wanajua sijui kusoma. Nikashika karatasi, Rehema akaigeuza maana niliishika kichwa chini, wakacheka zaidi. Mwenyekiti naye akacheka. Akaniruhusu.

Nikavuta shingo. Nikakohoa kile kikohozi. Nikaanza, kwa masikitiko makubwa naandika.

Kicheko cha mwanzo kilikuwa cha kawaida, wamezoea vituko vyangu. Nilipofika si ya kuridhisha hata kidogo, kikapungua. Nilipofika kwa maslahi ya chama, nikasikia kiti kinalia. Madam Ritha aliacha kujipepea.

Nikaweka karatasi mezani. Nikaeleza, kwa sauti yangu mwenyewe, alivyoulizwa na Rehema, alivyofoka, na alivyopewa shikamoo. Kisha nikarudi kwenye ile sauti, nikatazama ukumbi, nikasema alivyoitikia:

"Marahaba, marahaba. Na huko nyuma wote wazima?"

Na nyuma kule, yule bwana wa Berega, ambaye kutwa alikuwa anasinzia, akafumbua macho akajibu:

"Wazima, mwenyekiti."

Shingo zote zikageukia meza ya mbele.

Mwenyekiti akasimama. Akasema maneno hayo mtu yeyote anaweza kuyasema. Akasema hili ni suala la kuundiwa kamati. Halafu akatazama mlangoni, akaahirisha kikao chake mwenyewe na kukaa chini, akasahau kwamba ukiahirisha unatoka.

Sasa wakuu, mnafikiri kilifuata nini? Mnafikiri walimfukuza? Hamkijui chama.

Waliitana pembeni. Wakarudi na sura za maridhiano. Katibu akasema tumsitiri mtu mzima. Madam Ritha akasema uzi ule wa Msafiri Kijana ameshaufuta, ili kulinda image. Kadi ya Mama Tunu inabaki, orodha inabaki, yameisha. Wakaagiza soda.

Nikaona kumbe hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda. Kutukana kumeandikwa, kila mtu amesoma, mpaka bwana afya amesoma. Kuomba radhi kunafanywa kwa mdomo, kwa soda, mlango umefungwa. Wale kumi na wanne walioumia sana mioyoni wote wanatazama vizibo vya chupa.

Ndipo Mama Tunu aliposimama. Sijawahi kumsikia akiongea mbele ya watu, na kumwigiza hapa siwezi. Alisema hivi:

"Soda zenu kunyweni. Mimi nataka kila aliyeandika aje alale kwangu, siku moja. Halafu aandike alichokiona, pale pale alipoandika mwanzo. Kwa jina lake. Mpaka hapo, kadi yenu hii hapa."

Akaiweka mezani, akaenda zake kupika.

Walianza kuja, mmoja mmoja, kama wanafunzi waliochelewa. Mama Neema wa Kidete alikuwa wa kwanza, na yeye hata hakuwemo kwenye wale kumi na wanne. Alikuja kwa treni, akalala, akaandika mstari mmoja kuwa maji ya kuoga yalikuwa ya moto na ya kutosha. Yule wa ukarimu alikuja na shuka yake kwenye mfuko, Mama Tunu akamwambia mfuko ubaki mapokezi. Bwana wa Berega aliandika Bwana asifiwe, halafu kwa mara ya kwanza katika maisha yake katikati akaweka kitu, akasema nimelala vizuri na nilikosea kuandika nisichokijua. Madam Ritha alikuja na dawa ya kupulizia ya kopo. Akaondoka nayo ikiwa imejaa, akaandika kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Wengine wawili hawajaja mpaka leo, na majina yao ninayo, wasije wakapita hapa wakaniuliza habari.

Mwenyekiti alikaa miezi bila kuja. Wapimaji wa reli walishakuja, wakalala kwingine kabisa, si kwake wala si kwa Mama Tunu. Kwa hiyo hata alichokitafuta hakukipata, na mwenzake alichostahili hakukipata, na magodoro matatu yameungua. Huo ndio umekuwa mchango wake kwa chama.

Halafu siku moja mchana akatokea, na begi, milango mitano tu kutoka kwake, kama msafiri kweli. Mama Tunu akamwamkia, akaitikia marahaba moja tu. Akampa chumba namba tatu.

Asubuhi akatoka na karatasi, ameandika kwa mkono, kurasa tatu zimejaa. Mama Tunu akavaa miwani, akasoma yote amesimama. Kwa kuzingatia. Ni rai yangu. Kwa namna moja au nyingine kulitokea kutoelewana.

Akamrudishia. Akamwambia fupisha.

Mzee akakaa barazani na kalamu. Akafupisha, akaleta, akarudishiwa. Akafupisha tena. Koti amelitundika kwenye msumari, jasho linamtoka, watu wanapita wanamwamkia, na kila shikamoo lazima aitikie. Mpaka jua lilipogeuka ndipo karatasi ikapokelewa. Ikaletwa kwa Rehema na basi, tukaiweka jukwaani kama ilivyo:

"Nimelala. Hakuna kunguni. Aliyesema wapo ni mimi, Mahimbo."

Wakuu, lile jukwaa lilikaa miaka kadhaa kabla halijafa, na watu waliandika humo mpaka vidole vikaota sugu. Hiyo ndiyo blogu bora kuliko zote.

Mama Tunu akachukua kadi yake, wale wawili hakuwasubiri. Hakuiweka ukutani, ameiweka kabatini chini ya mapazia yale mapya.

Funzo langu ni hili, na sijalitoa chuoni. Mkifungua jukwaa la watu wa kazi moja, wekeni watu wenye majina. Mtu akileta habari ya mwenzenu, kabla hujaandika pole, panda basi ukamuulize. Na ukikosea hadharani usije kuniomba radhi uchochoroni na soda ya machungwa. Wasomi mnayajua haya yote, mmeyasomea, ndiyo maana mnanichosha.

Haya, uwanja wenu. Kama na wewe umewahi kuandikwa na mtu asiye na jina kwenye chama cha kazi yako, iwe ualimu, iwe uuguzi, iwe kinyozi, weka hapa ulimaliza vipi. Rehema atanisomea yote, Jumamosi, kwa sauti.

Mnaotaka kuja na majina ya bandia njooni tu, sikatazi. Nitawasikia.